Daktari kasema jeni, mama kasikia jini

Kama una mtoto mlegevu, shingo haishiki, miezi inaenda hakai, na umeambiwa "huyu ni mtindio wa ubongo" halafu mazungumzo yakaishia hapo, naomba kabla hujauza kitu chochote ukaombe kipimo kimoja cha damu kinaitwa CK. Mi nilikilipia elfu ishirini na tano. Tatizo nilikilipia baada ya miaka mitatu, na kiwanja cha Chanika kilishaenda.

Mtoto wangu Rama kazaliwa Aprili 2016, kilo tatu na pointi moja, miezi imetimia, na alilia pale pale alipotoka, mama yake alimsikia, mimi nilimsikia nikiwa koridoni. Kulia huku nakutaja kwa sababu baadae kila daktari alikuwa anauliza "alilia alipozaliwa?" tunajibu ndio, anaandika, halafu anaendelea kana kwamba tumejibu hapana. Mtindio wanaouongelea mara nyingi ni ule wa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Rama hakukosa hewa. Hakuna aliyesimama kujiuliza sasa huu umetoka wapi.

Miezi minne ukimnyanyua anakuponyoka mkononi kama nguo mbichi. Miezi sita shingo bado. Ananyonya taratibu, anachoka, anakohoa katikati. Kliniki walikuwa wanapima uzito, wanachora kwenye kadi, uzito uko sawa basi nendeni nyumbani. Miezi tisa ndo tukapelekwa hospitali kubwa, daktari akamkunja miguu, akampiga piga magoti, akaandika mtindio wa ubongo, tukapangiwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Kusema ukweli sikumlaumu yule daktari, foleni ilikuwa mpaka nje. Ila lile jina lilifunga mlango. Kila tulipoenda na kifua, na macho, na kutokukua, jibu lilikuwa "si ana mtindio".

Nyumbani nako kulikuwa na jina lingine. Mi kwetu Pangani, na mama Rama ni mtoto wa mjomba wangu, tumeoana ndani ya ukoo kama wazee walivyozoea. Sasa shangazi mmoja alivyomuona mtoto hana nguvu akasema neno moja tu, kabemendwa. Kama hujui maana yake, kwetu mtoto akidhoofika na kuchelewa kusimama wanasema mmoja wa wazazi katoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya. Mmoja wa wazazi wanasema hivyo mdomoni, ila macho yote yanamuangalia mama.

Na mimi nikaangalia hukohuko. Sitaki kujipamba hapa. Mi ni fundi wa spea Kariakoo, natoka saa kumi na moja alfajiri narudi usiku, nikaanza kuuliza leo ulikuwa wapi, nani alikuja, kwa nini simu ilikuwa bize. Siku moja nikamuuliza wazi. Hakunijibu, alimchukua mtoto akaenda kumuogesha, na tangu siku hiyo mpaka majibu yalipotoka aliongea na mimi mambo ya mtoto tu, ya chumvi na ya kodi. Miaka minne hiyo. Dawa za kubemendwa nazo tulipewa, za kuoga na za kunywa, ile ya kunywa ilimpeleka mtoto kwenye dripu siku tatu.

Baada ya lile la mtindio, kosa la pili lilikuwa la ini. Mwaka 2018 alipimwa damu kwa sababu ya homa, vimeng'enya vya ini, vile wanaita ALT na AST, vikawa juu mara tatu nne ya kawaida. Tukaambiwa ini. Kapimwa homa ya ini A, B, C, zote hana. Kaachishwa dawa, kaambiwa asile mafuta, mtoto mwenyewe ni wa kilo kumi unamnyima mafuta! Kumbe vile vimeng'enya vinakaa kwenye misuli pia, msuli ukichanika vinamwagika kwenye damu vinaonekana kama ini linaumwa. Nilikuja kuelezwa kwamba kuna kimoja kinaitwa GGT ambacho hakitoki kwenye misuli, hicho kikiwa sawa wakati wenzake wako juu, acheni kuhangaika na ini, angalieni msuli. Cha Rama kilikuwa sawa tangu mwanzo, kipo kwenye ile ile karatasi, mstari wa nne kutoka chini.

Kosa la tatu ndo la kiwanja. Kuna wakala alinitafuta, sijui namba yangu kaitoa wapi, akaniambia India kuna matibabu ya seli shina, mtoto anachomwa sindano uti wa mgongo, ubongo unajijenga upya. Kanitumia video za watoto wanatembea. Nikauza kiwanja, nikaongezea na mkopo wa vikoba wa mama Rama, jumla kama milioni kumi na nne na nauli. Sindano tatu, wiki tatu, tukarudi na mtoto yule yule na faili zuri la rangi. Hawakumpima hata CK. Mtu akikwambia ana tiba ya ugonjwa ambao hata jina lake hajakwambia, funga pochi.

Sasa CK ilipatikanaje. Julai 2019 Rama kalazwa na nimonia. Usiku zamu ilikuwa ya daktari mdogo, bado anasoma nadhani, alikuwa anapitia faili akatulia sana, mpaka nikaogopa. Akaniuliza, "Baba, huyu mtoto CK alishawahi kupimwa?" Nikamwambia mi sijui ni nini hicho. Akanieleza ni kimeng'enya cha msuli, kawaida kisizidi kama mia mbili, msuli ukiwa unaharibika kinapanda. Asubuhi majibu: 3,860. Akarudia kipimo kuhakikisha, 3,540. Akasema shida haipo kwenye ubongo peke yake, msuli wenyewe unaumwa, na kama vyote viwili vinaumwa kwa pamoja basi kuna familia ya magonjwa inabidi tuitafute. Tena akataka na macho yaangaliwe.

Macho! Tulikuwa tunajua Rama anapeleka kila kitu puani, tukadhani ndo utahira. Daktari wa macho akamkuta haoni mbali kabisa, miwani minus kumi na moja, na presha ya macho imeanza kupanda. Siku aliyovaa ile miwani alimtazama mama yake muda mrefu, akamshika pua. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Hapo ndo nilipolia, kwenye mtindio sikulia.

MRI ya kichwa ilifuata, laki nne na nusu, na kusubiri mashine itengenezwe. Ubongo wa kawaida una mikunjo kama kitenge kilichofinyangwa, wa Rama sehemu za mbele una uso wa vinundu vinundu kama barabara ya mawe, na ubongo wa nyuma una vivimbe vidogo vya maji. Daktari wa mishipa ya fahamu akatuambia picha hii ukiijumlisha na msuli na macho, anawaza ugonjwa ambao Wafini waliuelezea zamani, wa misuli, macho na ubongo kwa pamoja, na unathibitishwa kwa kipimo cha jeni, yale maelekezo ya kuujenga mwili ambayo mtu anarithi kwa wazazi. Nikauliza kukata kipande cha msuli je? Akasema siku hizi ukipata jeni unaweza usimkate mtoto.

Kipimo cha jeni hapa ilikuwa damu itumwe nje, dola mia saba, bima ya mtoto haikugusa hata senti. Halafu ikaja korona, ndege zikasimama, sampuli ya kwanza ikaharibika njiani. Ushauri wangu hapa, kabla hujalipa uliza kwa maandishi sampuli ikiharibika nani analipia ya pili. Mi nililipa kutuma mara mbili. Na omba wapime wazazi wote wawili kwa pamoja na mtoto, ukija kurudi baadae gharama inaanza upya.

Majibu yametoka Januari 2021. Daktari akaniambia njoo na mkeo na kama kuna mzee anayesemasema nyumbani njoo nae. Nikamleta mama kutoka Pangani. Tumekaa, daktari akaanza taratibu: tatizo lipo kwenye jeni, jeni hiyo mtoto kairithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, na inaelekea imetoka kwa babu mmoja. Mama akapiga paja. "Si nilisema! Jini la ukoo hilo, la babu yenu, hamkunisikiliza." Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akamwambia mama ni jeni siyo jini, ila mi nikawa nimekaa pale nawaza kwamba ukibadilisha herufi moja tu bi mkubwa kapatia kila kitu, kutoka kwa babu, limeshuka pande zote mbili, wenye nalo hawajui kama wanalo.

Jeni yenyewe inaitwa POMGNT1. Nitaeleza nilivyoelewa mimi maana nimeisoma usiku mwingi, mwenye utaalamu asamehe. Mwili ukishatengeneza protini, nyingi zinabandikwa sukari juu yake, kipande kwa kipande kama shanga. Kuna protini moja inakaa kwenye ngozi ya seli ya msuli, alfa distroglaikani, na yenyewe inabandikwa mnyororo mrefu wa sukari, sukari ya kwanza ni manosi. Kila shanga ina fundi wake na kila fundi ana jeni yake, mafundi wanaojulikana wanazidi kumi na tano, na POMGNT1 ni wa mwanzoni mwanzoni, anaweka sukari inayofuata juu ya manosi. Ule mnyororo ndo unashika mkeka ulioko nje ya seli. Kwa sisi wa Pangani ni kamba ya nanga. Ngalawa isiyo na kamba siyo kwamba imetoboka, ni nzima kabisa, ila kila wimbi linaibamiza. Msuli wa Rama kila ukijikunja unabamizwa, unachanika kidogo, CK inamwagika.

Na ubongo? Hili swali lilinisumbua maana ubongo haujikunji na kujikunjua kama msuli. Kumbe mtoto akiwa tumboni seli za ubongo zinazaliwa ndani, halafu zinapanda kwenda juu kila moja ikae kwenye tabaka lake, na juu kabisa kuna utando wa mpaka, na utando huo unashikiliwa na kamba zile zile za sukari. Kamba zikiwa mbovu utando unatoboka, seli zinapitiliza, kama abiria wa daladala isiyo na konda, kituo kimepita wamo tu, wanaenda kurundikana mbele kwenye vinundu. Yote hayo yametokea kabla hajazaliwa. Ndo maana hakuna sindano ya uti wa mgongo ingewarudisha kituoni, na ndo maana alilia vizuri alipozaliwa na bado yuko hivi.

Mama alisikia neno sukari akalishika. Kwanza akamkataza Rama uji wa sukari akidhani ni kisukari. Nikamueleza siyo hiyo, ni kwamba sukari hazibandikwi. Akasema aah, basi inapungua, akaanza kumlambisha asali asubuhi na jioni. Nilimcheka, halafu nikaja kusoma kumbe wazo lenyewe siyo la kuchekwa. Kuna magonjwa mengine ya kubandika sukari ambapo mtoto anapewa manosi kwa mdomo na anapata nafuu kweli. Na mwaka huo huo aliozaliwa Rama, 2016, Wajapani waligundua kwamba ndani ya ule mnyororo kuna kipande kinatokana na ribitoli, kitu cha jamii ya sukari, na dawa ya ribitoli ya kunywa imeshaanza kujaribiwa kwa watu, ila ni kwa wale ambao fundi wao mbovu ni FKRP, siyo huyu wa Rama. Ndo maana nasema jina la jeni lina faida hata kama leo hakuna dawa. Siku ikitokea tiba haitakuwa ya "mtindio", itakuwa ya jeni fulani, na ukiwa huijui yako utapita mlangoni.

Wajapani wenyewe wana ugonjwa wao wa familia hii hii, daktari Fukuyama aliuelezea mwaka 1960, jeni yake ilipatikana 1998, kule ndo ugonjwa wa misuli wa watoto unaoongoza ukitoa ule wa Duchenne. Na kingine kilichonishangaza, kirusi cha homa ya Lassa ya Afrika Magharibi kinaingilia kwenye sukari hizo hizo kuingia kwenye seli. Yani kitu ambacho mwanangu hana, kirusi kinakitafuta.

Turudi kwa mama Rama. Siku ile ya majibu tulitoka, mama akapanda bajaji na mjukuu wake, sisi tukatembea. Nikamwambia nisamehe kwa yale maneno. Akasema, "Karatasi imeandika majina mawili." Basi. Hajasema nimekusamehe wala hajasema hapana. Majibu yale kayaweka kwenye sanduku lake, chini, pamoja na cheti cha ndoa, na tulianza kuongea mambo mengine zaidi ya chumvi, kidogo kidogo. Wanaume wenzangu, kipimo cha jeni hakirudishi miaka minne ya kumuangalia mtu kama mwizi.

Mwaka 2021 mwishoni akapata ujauzito. Tulishaambiwa hesabu, kila mimba ni asilimia 25 kutoka kama Rama, 50 kubeba jeni mbovu bila kuumwa kama sisi, 25 kutokubeba kabisa, na hesabu haikumbuki, kwamba Rama ameshatokea siyo kwamba watatu wanaofuata wako salama. Nchi nyingine wanapima mimba ikiwa changa, sisi tukaulizia gharama ya kwenda nje tukaona hatuwezi, na mama Rama alisema hata akijua hatafanya chochote. Zuwena kazaliwa Juni 2022. Nilitaka apimwe CK siku ile ile, daktari akanizuia, mtoto mchanga CK yake huwa juu siku za mwanzo kwa sababu ya kuzaliwa tu, utajitia kiwewe bure. Tukasubiri wiki tatu. Hizo wiki tatu sina la kusema. Ikatoka 140. Baadae tukampima ile jeni moja tu, ukishajua unachotafuta bei inashuka sana, kabeba kama sisi. Bibi yake ameshaanza utani wa kumposea kwa mtoto wa kaka yangu, nimemwambia mama, huyu na yule wote damu kwanza ndo posa.

Mambo mengine nayatupia hapa bila mpangilio. Mtoto wa misuli akienda kufanyiwa operesheni, nusu kaputi yake siyo ya watu wote. Rama alifanyiwa jicho 2023, nikaenda na karatasi nimeandika kwa herufi kubwa UGONJWA WA MISULI, kwa sababu dawa inayoitwa suksamethoniamu, na zile za kuvuta kama halotheni, zinaweza kuvunja msuli ghafla na kusimamisha moyo. Daktari wa usingizi wa kwanza alikuwa ameandaa dawa za kawaida kutokana na faili lililosomeka mtindio wa ubongo. Alinishukuru, na mi miguu iliniisha nguvu.

Mazoezi pia. Miaka ile tulikuwa tunamkandamiza mpaka analia na kulala hoi, tukijua ndo kumjenga. Msuli wake haujengwi kwa kuchoshwa. Sasa ni kunyoosha viungo taratibu kila siku visikakamae, kusimamishwa kwenye kisimamio nilichochonga mwenyewe kwa mbao na mabomba ya spea, na kukalishwa vizuri mgongo usipinde. Chakula kizito kidogo, siyo cha majimaji, maana cha maji kinaingia kifuani, nimonia zake nyingi zilitokea jikoni kwetu. Kifafa kilianza akiwa na miaka sita, anatumia dawa, kimetulia. Akipata homa tunakimbia mapema hatusubiri asubuhi. Na faili uwe nalo wewe nyumbani, nakala ya kila karatasi, kwa sababu lile jibu la GGT lilikuwepo mwaka mzima kabla mtu hajalisoma.

Shangazi wa kubemendwa nilimpelekea karatasi Pangani, nikamsomea. Akasema kumbe. Jioni yake nikasikia anamwambia jirani kuwa wajukuu wa fulani wana jini la sukari.

Rama sasa ana maneno sita, ukihesabu na "chai". Mwezi ujao tuna ekho, ile picha ya moyo, ya kila mwaka hiyo, nayo usiiache hata mtoto akiwa haumwi chochote. Bajaji kwenda na kurudi elfu ishirini, na kiti chake hakikunjiki, kwa hiyo kinafungwa kwa kamba nyuma.